Kabati Kati Yangu na Mkwe Wangu

Nyumba ya binti yangu pale Kitale ilikuwa na sebule ya pembe tatu. Sisemi kwa mfano. Ploti yenyewe ilibanwa mahali barabara mbili zinakutana, upande wa kwenda Kiminini, na mume wake alijenga mpaka kwenye mawe ya mpaka asipoteze hata kiganja cha udongo. Ukisimama mlango wa jikoni ukitazama mbele, ukuta wa kushoto unafuata barabara moja, wa kulia unafuata ile nyingine, na huko mbele zinakutana kama ncha ya jembe la plau. Katika ncha ile hakuna kitu kilikaa vizuri. Meza ukiisukuma huko, nyuma yake panabaki shimo la kumeza vijiko. Nilivitoa mwenyewe.

Miaka ya elfu mbili ilikuwa imeanza tu. Binti yangu alikuwa na mimba ya tatu na hana mtoto. Mbili za kwanza zilitoka. Hii ya tatu daktari alimwambia alale, asiinue sufuria, asifue, asikasirike, mpaka miezi itimie. Mume wake aliuza mbegu na mbolea mjini. Alitoka asubuhi akarudi giza likiingia. Mwanamke aliyelala nani atampa maji? Wakapiga simu kwa duka lililo karibu na kwangu, huku Bungoma upande wa Kibabii, wakasema mama aje.

Lazima nieleze jambo moja, kwa maana vijana wa siku hizi hawalijui na wengine wanalicheka. Kwetu mama hakutani uso kwa uso na mume wa binti yake. Hampi mkono. Hali naye meza moja. Haingii chumba anacholala, wala hagusi kitanda chake. Si chuki. Ni heshima, na ni ya pande zote mbili: naye akiniona njiani anapaswa kukata kona. Kulala chini ya bati lake ni jambo ambalo mama yangu hangelifanya hata mvua ya mawe ikinyesha.

Wifi yangu alikuja kunisimamia nikifunga nguo.

"Ati unaenda kulala kwa mkwe?"

"Naenda kulala kwa mtoto wangu."

"Mtoto ni wako. Bati ni la mkwe."

"Basi nitalala chini ya bati, nimwachie nyumba."

"Na ukimkuta asubuhi suruali iko mkononi?"

"Nitafunga macho. Nimefunga macho mbele ya mambo makubwa kuliko suruali."

Alicheka, lakini hakukubali. Mimi nilikuwa nimeshakata shauri. Mimba ikitoka mara ya tatu, mwanamke anaanza kuitwa jina lingine, na jina hilo halitoki. Nilijiambia mila inakataza macho, haikatazi mikono. Nikishika upande wangu wa nyumba naye ashike wake, mambo yatakwenda.

Nilifika saa ambayo najua mwenye nyumba yuko dukani. Binti yangu alikuwa chumbani, amelala.

"Mama, ingia."

"Siingii."

"Mama, si niko peke yangu."

"Na hicho kitanda?"

"Sasa umekuja kuniuguza kutoka mlangoni?"

Ndivyo ilivyokuwa siku ile ya kwanza. Niliweka kiti cha jikoni kando ya mlango wa chumba, mgongo wangu ukielekea ndani, tukaongea hivyo kama watu wa kuungama kanisani. Uji niliupika mimi. Aliyeuingiza ni jirani wa nyuma, mama mmoja wa mjini aliyeniita shosho, yaani bibi. Nilimwambia kwetu ni kukhu, akasema sawa shosho. Alikuwa mtu mwema. Lakini hangekuja kila mara mtu akitaka kugeuzwa au kupelekwa choo.

Basi kama mimi siwezi kuingia, mgonjwa atatoka. Nyuma ya jikoni kulikuwa na stoo ya magunia ambako niliwekewa godoro, na humo kulikuwa na kitanda chembamba cha mbao, cha wageni, hakuna aliyekilalia katika ndoa. Hicho ningekigusa. Kitaingia sebuleni, binti yangu atalala hapo mpaka ajifungue.

Kitaingia wapi ndiyo ilikuwa kazi. Sebule ile ilikuwa na makochi ya watu saba, meza ya kulia na viti sita, meza ndogo yenye vitambaa vya kufuma, stuli zimepandana, na kabati kubwa la vioo lenye televisheni katikati na vikombe ambavyo havijawahi kunywewa. Watu wawili, na viti vya kukalisha kamati ya mazishi. Ukitaka kupita, unapita kwa ubavu.

Sasa, mimi nyumba naijua kwa njia moja. Kwetu tukitaka kupaka sakafu samadi, tunatoa kila kitu nje. Nyumba ikiwa tupu ndipo unaiona. Mahali panapobonyea unapaona, mahali panya ametoboa unapaona, na ukirudisha vitu unarudisha vile vinavyohitajika. Sijui njia nyingine na sijaona iliyo bora. Nikamwambia jirani atuitie wanaume wawili wa mkokoteni.

"Shosho, hapa vitu havitolewi nje hivyo," jirani akasema.

"Vinatolewa vipi?"

"Havitolewi."

Vilitolewa. Makochi yakakaa kwenye nyasi kando ya ua, meza ikapinduliwa juu yake, kabati likasimama nje vioo vikiwaka jua. Na kwa vile nyumba iko katikati ya barabara mbili, watu wa barabara zote mbili waliona.

Mwanamume wa kwanza alisimamisha baiskeli.

"Mama, hiki cha watu watatu kinaenda bei gani?"

"Hakiendi mahali."

"Dalali yuko wapi tuongee naye?"

"Dalali gani?"

"Si huu ni mnada, bana?"

Mwingine akafika, akakandamiza kochi kwa kiganja kuona kama springi ziko. Mwanamke mmoja aliniambia pole. Nikamjibu asante kwa sababu nilidhani ananipa pole ya mgonjwa. Kumbe mjini mtu akiona viti vya mfanyabiashara nje mchana, anajua jambo moja tu: benki imekuja. Kwetu angejua ni siku ya samadi. Habari ilifika dukani kabla sijamaliza kufagia.

Mkwe wangu alikuja kwa bodaboda ya baiskeli, ameacha wateja kwa kaunta. Nilisikia sauti yake langoni. Nikafanya inavyopaswa: nikajifunika leso kichwani, nikampa mgongo, uso nikauelekeza ukutani.

"Mama, karibu," akasema. "Lakini kuna nini?"

Sikumjibu yeye. Nilimwambia jirani, "Mwambie tunapima nyumba."

Jirani alimtazama, akanitazama mimi. Tulikuwa hatua chache tu. "Anasema wanapima nyumba."

"Nimesikia," akasema.

Huko uani watu wakacheka. Mkwe wangu akaanza kuwaambia mmoja mmoja kwamba hakuna mnada, ni usafi. Kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi kutoamini. Mimi moyoni nilijua nimempa mkwe wangu heshima yake yote mbele ya umma. Yeye alijua mama mkwe amempa mgongo mbele ya wateja wake. Hilo nilikuja kulielewa baadaye.

Watu wake si wa kwetu. Babu yake alitoka mkoa wa Central akanunua shamba Trans-Nzoia, na yeye alizaliwa huko huko. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Alipoleta mahari, mazungumzo yalikuwa ya wazee wa kiume, na mimi nilikuwa jikoni. Kila alipotutembelea nilikuwa jikoni. Hakuna aliyeona haja ya kumweleza, kwa maana kwetu jambo hili halielezwi. Mtu hukua nalo.

Nilipima kwa kamba ya katani. Kitanda cha mgonjwa nilikiweka kichwa kikiwa ndani ya ile ncha, kikifuata ukuta wa kushoto. Tatizo ni kwamba nyuma ya kichwa palibaki pengo na mto ulitumbukia humo. Nikachukua gunia la mahindi lililofika nusu, nikalisimamisha pale na kulipiga kwa ngumi mpaka likajaza pembe yote. Mahindi hayana ubishi, yanachukua umbo la mahali. Juu yake nikatandika blanketi. Binti yangu akaegemea akasema ni bora kuliko kitanda chake. Kutoka pale aliona sebule nzima mbele yake, mlango wa jikoni upande mmoja, mlango wa chumba na mlango wa nje upande mwingine.

Viti vinne vya meza nilipeleka kwa jirani. Kabati likarudi ukuta wa kushoto lilipokuwa. Makochi nikayaweka yapeane mgongo, moja langu likitazama kabati, moja lake likitazama mlango wa nje. Nikaona imetosha. Mtu na upande wake, na mgonjwa katikati.

Jioni mwenye nyumba akaja, akala. Mimi nilikaa na mgongo wangu. Televisheni ilikuwa imezimwa ili mgonjwa apumzike. Nikainua macho, na katika kile kioo cheusi cha televisheni nikamwona mkwe wangu mzima, ameshika mnofu, anatafuna. Naye akainua macho. Tulitazamana ndani ya televisheni. Nikahama jikoni na sahani yangu.

Asubuhi nikaita tena watu wa mkokoteni. Kabati nililisimamisha katikati ya sebule, kutoka ukuta ulio kati ya mlango wa jikoni na mlango wa chumba, likaelekea mbele karibu na kitanda. Vioo na televisheni vikaelekea upande wake. Upande wangu ulikuwa plaiwudi ghafi yenye alama za penseli za fundi. Kati ya kabati na kitanda nilibakisha njia ya mtu mmoja mwembamba. Sasa yeye aliingia kutoka nje, akala, akaenda chumbani, bila sisi kuonana. Mimi nilitoka jikoni mpaka kwa mgonjwa vivyo hivyo. Binti yangu peke yake ndiye alituona sote wawili.

"Najiona kama refa," akasema.

Ningesema mambo yalitulia, lakini hayakutulia. Kila jioni mkwe wangu alichukua kile kiti kizuri cha mtu mmoja, chenye kitambaa kilichopigwa pasi, akakiweka mwisho wa kabati, mahali ambapo mtu akikaa anaonekana na pande zote. Alikiweka tu kitupu, akaenda kukaa kwenye kochi lake akangoja. Mimi niliona ananijaribu. Kila asubuhi nilikirudisha. Jioni kikarudi. Binti yangu alikitazama kiti kikienda na kurudi, akawa anaacha chakula kwenye sahani.

Halafu ikaja Jumapili moja. Nilikuwa nimeenda kanisani. Nikirudi nikakuta kabati limerudi ukutani. Sebule imefunguka yote, makochi yamezunguka kama siku ya harusi, kiti changu mbele, na yeye mwenyewe amesimama katikati na chupa ya soda, tayari kunipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameita rafiki yake wakalisogeza. Alikuwa anatabasamu. Najua alikuwa anatabasamu kwa sababu nilimwona, na sikupaswa kumwona.

Nilipita moja kwa moja jikoni mpaka stoo, nikaanza kufunga mfuko. Sikugomba. Nilifunga tu. Lakini zipu ya mfuko ule ilikuwa na kelele, na binti yangu aliijua. Akashuka kitandani. Mtu aliyekatazwa hata kuinama alikuja mbio akipapasa ukuta, akashika mlango wa stoo, akasema, "Mama, usiende." Kisha akatazama chini. Damu ilikuwa imefika kwenye kifundo cha mguu.

Mume wake na jirani walimpeleka hospitali kwa teksi. Mimi nilibaki. Nilipanguza sakafu. Nilifungua mfuko nikarudisha nguo, halafu nikakaa kwenye gunia, nikasimama, nikakaa tena. Sikuomba kwa maneno. Mchana ulikuwa wa jua kali na watoto walipiga mpira huko barabarani.

Walirudi saa kumi. Jirani ndiye aliingia kwanza.

"Moyo wa mtoto unapiga. Lakini daktari amesema ikitokea tena hatarudi nyumbani, na pengine hakutakuwa na wa kurudi naye."

Walimlaza. Aliegemea gunia lake, uso wake umekuwa rangi ya majivu, akasema bila kupaza sauti:

"Mimi nimechoka kubeba maneno. Huyu ananiuliza kila usiku ni nini amekukosea, Mama. Nawe asubuhi unaniuliza kwa nini anakutafuta. Sitabeba tena. Mwenye neno aseme mwenyewe."

Akageukia ukuta.

Mimi nilikuwa jikoni. Halafu nikasikia kitu kinakwaruza sakafu, kinasimama, kinakwaruza tena. Vikombe vinalia. Mkwe wangu alikuwa anasukuma kabati kwa bega lake, peke yake, analirudisha katikati ya chumba. Alipomaliza nikasikia kochi la upande wake likikaliwa. Nikaenda nikakaa upande wangu, mbele ya plaiwudi.

"Mama," akasema.

"Nasikia."

"Nataka kujua kosa langu. Kama ni kabila, sema ni kabila, nijue."

"Kabila inakaa kwenye kiti?"

"Sijaelewa."

"Kiti unachoniwekea kila jioni. Unataka nikae hapo nikutazame ukitafuna?"

"Nataka ukae kama mama."

"Mama yupi? Wako ama wa mke wako?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Kwenu labda hakuna. Kwetu mama ya mke hamtazami mume. Hampi mkono, hali naye. Baba ya huyu," nikamwonyesha binti yangu kwa kidevu ingawa mkwe wangu hangeniona, "alimzika mama yangu bila kuijua pua yake."

Kitandani mtu akacheka kidogo kwa pua.

Nikasikia kochi la upande wake likilia. "Sasa siku ile ya mahari, wewe kukaa jikoni siku nzima?"

"Nilikuwa nakaa mbali nawe."

"Mimi niliambia watu wetu mama huyu anapenda kupika."

"Sipendi kupika."

"Hapendi," binti yangu akasema kutoka kitandani.

"Na hapo nje? Mbele ya watu wa duka langu? Umenipa mgongo kama mtu ameona mbwa."

"Mgongo ndiyo salamu. Ningekutazama, hapo ndipo wazee wangekaa kikao."

Niliona alama za fundi kwenye plaiwudi, mstari na nusu ya duara.

"Si ungesema tu, Mama."

"Nani huyasema? Kwetu anayeuliza hayo ni mtoto."

"Kwetu ukinyamaziwa umefukuzwa. Mtu akija kwenu ukose kumtazama, anaelewa abebe kofia yake. Mimi nilisema huyu mama ananingoja nife ndio amrudishe binti yake Bungoma."

Hilo sikuwa nimelijua. Nilimwambia hivyo: sikujua. Nikamwambia pia kwamba mtu anayemngoja mwenzake afe hasafiri kuja kumpikia ugali.

"Basi haiwezi kufunguliwa hii?" akauliza. "Si kila mila huwa na mlango?"

"Hufunguliwa. Wazee wanakaa, kitu kinatoka kwako, kitu kinatoka kwangu, ndipo tunaangaliana. Lakini haifunguliwi kwa sababu sebule ni ndogo."

"Sawa. Na soda?"

"Soda gani?"

"Ile ya leo. Imebaki. Nikupe vipi?"

"Mpe mke wako. Atanipa."

Chupa ilinifikia kwa mkono wa binti yangu. Ilikuwa imepata joto. Nikainywa.

Kile kiti kizuri hakikuhama tena. Siku zilizofuata tuliongea, mimi na yeye, kila jioni, kabati likiwa katikati. Ni rahisi kuongea na mtu usiyemwona, unasema kilichopo na unamaliza. Aliniuliza watu wa Bungoma wanapenda mbegu gani, nikamwambia wanapenda ile waliyopanda mwaka jana. Alisema ndiyo maana mavuno yao ni ya mwaka jana. Nikamwambia asitumie mdomo wake wote, abakishe wa kuuzia. Binti yangu alikuwa anacheka mpaka namkataza, kwa sababu ya tumbo. Alianza kumaliza sahani. Jirani akija alikuwa hajui akae upande gani, mwishowe akawa anakaa kitandani na mgonjwa.

Miezi ikatimia. Uchungu ulianza asubuhi, mwenye nyumba bado hajatoka kwenda dukani. Teksi ikaja langoni. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo kamba yangu ya katani haikulipima. Njia niliyobakisha kati ya kabati na kitanda ilimtosha mwanamke aliyelala pale mwanzo. Huyu aliyeshuka sasa upande wa jikoni hakupita. Wala kwa ubavu hakupita, kwa sababu ubavu ndiko tumbo lilikuwa. Kuzunguka kwa jikoni na mlango wa nyuma kulitaka apande ngazi ya mawe na kupita kwenye matope.

"Nimekwama," akasema, akashika kona ya kabati, na uchungu ukampata hapo hapo.

"Mama, uko upande wako?" mume wake akaita.

"Niko."

"Mimi navuta. Wewe sukuma."

Nikaweka mabega kwenye plaiwudi. Yeye akavuta kutoka upande wa vioo. Kabati likakataa, likakubali, likaenda likiyumba. Vile vikombe ambavyo havijawahi kunywewa vilianza kuanguka kimoja kimoja upande wake, nikasikia akivikanyaga na viatu vyake.

"Acha vikombe," nikasema. "Vuta."

"Navuta, Mama."

Binti yangu akapita.

Hospitalini walimwingiza ndani, wakatuacha sisi nje. Palikuwa na ukumbi mrefu na benchi moja la mbao lililoegemea ukuta. Hakuna kabati, hakuna pazia, hakuna jikoni ya kujificha. Nilisimama kwanza. Yeye alikuwa amesimama pia, mwisho wa ukumbi, akinipisha. Nikakaa upande mmoja wa benchi. Baada ya muda akaja akakaa upande ule mwingine, mbali kadiri mbao ilivyoruhusu. Benchi linalokaa ukutani lina jambo moja zuri: wanaolikalia hawatazamani. Tulitazama ukuta mmoja, uliopakwa kijani mpaka kiunoni na nyeupe juu.

Goti lake lilikuwa linatikisika na mbao iliniletea huo mtikisiko. Nilitaka kumwambia aache, nikamwacha. Ndani tulisikia sauti za wanawake wengi na hatukujua wetu ni yupi.

Nesi alitoka na kifurushi cha shuka.

"Ni wa nani huyu? Msichana. Mama yake mzima, anashonwa kidogo. Nani anashika?"

Sote wawili tulisimama. Nesi alitazama umri wangu akaniwekea mimi mikononi, akarudi ndani. Mtoto alikuwa mwekundu, mwenye hasira, na mdomo wake ulikuwa unatafuta. Nilimkagua vidole. Vyote vilikuwepo.

Mkwe wangu alikuwa amesimama pale pale aliposimama. Hakukaribia. Alikuwa amejifunza, na sasa alijua mahali pake mpaka hangeweza kumwona mtoto wake mwenyewe.

"Kuja," nikasema.

"Mama?"

"Kuja uone mtu wako."

Akaja. Nikamwinua mtoto kwa mikono yote miwili, nikamsogeza upande wake, na uso wangu nikaugeuza kwenye dirisha. Huko nje mwanamke mmoja alikuwa anaanika mashuka ya hospitali kwenye ua. Nikamwangalia akianika. Nilisikia mkwe wangu akipumua, na nilisikia akianza kusema kitu na kukiacha. Hakuharakisha, nami sikumharakisha, mpaka mikono ikaanza kuniuma.